Tiketi ya mzabuni au mafunzo ndani ya mkataba? Ulinganisho kwa watumishi wa afya

Zamu ya usiku, mwezi uliopita, kijana wetu mmoja wa maabara alinifuata mezani akiwa ameshika simu. "Shikamoo dada." "Marahaba mdogo wangu." Akaninyooshea simu nisome. Kampuni inayotaka kutuuzia mashine mpya ya FBP, yaani ya kipimo kamili cha damu, ilikuwa imemwandikia yeye mwenyewe, kwenye WhatsApp yake: siku sita nje ya nchi, tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi, hoteli, na posho ya dola kwa kila siku. Barua ikasema ni mafunzo. Jina lake lilikuwa limeandikwa kamili, la kwake, la baba na la babu, kama lilivyo kwenye pasipoti.

"Dada, niende nisiende?"

Swali hili nimelisikia kwa wauguzi wa Muheza, kwa mfamasia mmoja wa Korogwe, kwa tabibu mwenye zahanati yake Ngamiani. Kila mara huulizwa kwa sauti ya chini, kana kwamba anayeuliza tayari amekosa. Hajakosa. Mafunzo tunayahitaji kuliko wanavyojua wanaotupangia bajeti. Mashine mpya ikija bila mtu wa kuiendesha ni sanduku tu la bei kubwa. Ila mafunzo hayo hupatikana kwa njia zaidi ya moja, na njia hizo hazifanani hata kidogo. Naziweka hapa zikitazamana, ili ukiletewa barua ya namna hiyo ujue unachoshika mkononi.

Nikipima mwaliko wowote huanza na jambo moja: nani alichagua jina lako, na alilichagua lini.

Mimi nilikwenda

Nina langu la kueleza kwanza. Miaka mingi nyuma, nikiwa hospitali nyingine mkoani humu Tanga, kampuni moja ilinialika hivyohivyo, nami nikaenda. Siku ya kwanza ilikuwa mapokezi na usingizi. Siku ya pili tulizungushwa kiwandani. Siku ya tatu tuliigusa mashine yenyewe, watu kumi na wanane kwa mashine mbili, kila mmoja dakika zake chache. Zilizobaki zilikuwa za sokoni, chakula cha jioni na picha za pamoja. Nilirudi na cheti, begi lenye nembo, na saa ya ukutani ambayo niliitundika kwa mkono wangu juu ya meza ya mashine.

Miezi mitatu baadaye nikaambiwa niandike vigezo vya kiufundi vya mashine mpya ya FBP. Nikakaa nikaandika: sampuli 60 kwa saa, majibu 21 kwa kila sampuli, kiasi fulani cha damu, kioo cha kugusa cha ukubwa fulani. Hakuna aliyenipigia simu wala kuniomba chochote. Nilikuwa naandika nilichokijua, na nilichokijua kilitoka kwenye kipeperushi cha kampuni iliyonilisha siku sita. Wazabuni wengine wawili walianguka kwenye kigezo cha kioo. Kioo! Katika maabara ambayo shida yake ilikuwa umeme kukatika na vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, kuchelewa.

Mashine ile ilikuwa ya aina inayokubali vitendanishi vya kampuni yake peke yake. Kila chupa ilikuja na kadi ndogo yenye msimbo. Usipoisomesha, mashine haikubali kupima. Mwaka wa kwanza bei ilikuwa nzuri. Mwaka wa pili ikapanda, nasi hatukuwa na pa kukimbilia. Vitendanishi vilipokwisha na deni likakaa bila kulipwa, mashine ikafunikwa shuka jeupe la wodini.

Siku moja katika siku hizo alikuja mama kutoka Pangani na mtoto wa miaka mitatu hivi, viganja vyeupe, midomo imepauka. Daktari alitaka FBP. Tukampima wingi wa damu kwa kifaa cha mkononi, tukamwambia kipimo kamili akafanye maabara ya mtaani, alipe. Mama akaangalia meza yetu, akauliza kwa upole kabisa, "Ile pale si mashine?" Alikuwa anaonyesha lile shuka. Juu yake saa yangu ilikuwa inatembea.

Nilidhani udhaifu ule ulikuwa wangu peke yangu. Baadaye nikasoma utafiti wa James Orlowski na Leon Wateska uliochapishwa Marekani mwaka 1992. Walifuatilia madaktari wa hospitali moja kubwa walioalikwa na kampuni za dawa kwenye semina katika miji ya mapumziko, gharama zote juu ya kampuni. Kabla ya safari waliwahoji madaktari 20, na isipokuwa mmoja tu, wote walisema safari haitawabadilisha. Kisha wakaangalia matumizi ya dawa mbili za kampuni hizo hospitalini: ya kwanza ilipanda kutoka wastani wa uniti 81 hadi 272, ya pili kutoka 34 hadi 87. Mwaka 2001 Michael Steinman na wenzake waliwauliza madaktari walio mafunzoni: asilimia 61 walisema matangazo ya kampuni hayawagusi wao, lakini ni asilimia 16 tu walioamini kwamba hayawagusi wenzao. Kila mtu anamwona jirani ndiye anayenunulika.

Kwa hiyo ukiniambia "mimi sinunuliki", nakuamini kwamba ndivyo unavyojiona. Mimi pia nilijiona hivyo.

Takrima, na sheria inavyosema

Sisi watu wa pwani mgeni tunampa maji kabla hatujamuuliza shida yake. Kukataa kilichotolewa kwa moyo ni kumvunjia mtu heshima, na wawakilishi wa kampuni wanalijua hilo vizuri sana. Ndiyo maana barua zao zimejaa maneno ya udugu. Lakini mambo haya taifa letu limeshayajadili mpaka mahakamani. Sheria ya uchaguzi iliwahi kuruhusu takrima kwa wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavitengua vifungu hivyo baada ya watetezi wa haki kulalamika kwamba vinafungulia rushwa mlango. Takrima ya jirani haina zabuni nyuma yake. Ya mzabuni inayo.

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 15, haitaji fedha peke yake. Inasema faida ya aina yoyote inayotolewa au kupokewa kama kishawishi au shukrani kwa jambo la kikazi, na inamshika anayetoa na anayepokea. Tiketi ya ndege ni faida. Wiki ya hoteli ni faida. Wala usidhani aliye hospitali ya binafsi yuko nje ya sheria hiyo, hayuko. Kwa mtumishi wa umma zipo pia kanuni za maadili ya utumishi za mwaka 2005 kuhusu zawadi, na ipo Sheria ya Ununuzi wa Umma, ambayo mpya yake ni ya mwaka 2023. Ukiteuliwa kwenye kamati ya tathmini utatia saini tamko kwamba huna mgongano wa maslahi na wazabuni. Hebu jione umeshika kalamu juu ya tamko hilo, na muhuri wa safari waliyokulipia haujakauka kwenye pasipoti yako.

Njia mbili kubwa zikitazamana

Ya kwanza ni mwaliko wa moja kwa moja: kampuni inakulipia wewe. Ya pili ni mafunzo yaliyoandikwa ndani ya mkataba wa ununuzi: hospitali imenunua mashine na mafunzo yake pamoja, na mafunzo ni haki yake kama ilivyo haki yake kupata waya wa umeme na kitabu cha maelekezo.

Tuanze na jina. Katika mwaliko, kampuni ndiyo inayochagua, na haimtafuti mwenye uhitaji wa mafunzo. Inamtafuta mwenye kalamu: anayeandika vigezo, anayekaa kwenye tathmini, daktari bingwa ambaye wenzake humsikiliza. Ndiyo maana barua inafika kwenye simu ya mtu na kupita pembeni ya masijala. Katika mkataba, hospitali inataja watu kwa kada na kwa zamu. Kijana wa usiku anaingia kwa sababu ndiye atakayekuwa na mashine saa tisa za usiku, ikigoma, bila mtu wa kumuuliza.

Halafu wakati. Mwaliko huja kabla ya zabuni, au mkataba wa vitendanishi ukikaribia kwisha. Angalia kalenda tu, mara nyingi inatosha. Mafunzo ya mkataba huja baada ya saini, uamuzi ukiwa umeshafanyika, na hakuna wa kuinamishwa tena.

Fedha nayo ina njia yake. Kwenye mwaliko inatoka kampuni inaingia kwako: tiketi kwa jina lako, dola kwenye bahasha. Hapo kuna shimo jingine ambalo wengi wameanguka bila kukusudia, nalo ni posho mbili. Hospitali imekupa posho ya kujikimu, na kampuni imekulipia hoteli na chakula na kukupa dola juu yake. Ukizikunja zote mfukoni, hata kama mwaliko ulikuwa halali, tayari una kosa la kujibu. Kwenye mkataba fedha ya mafunzo ni mstari wa bei unaosomeka: mafunzo, kiasi fulani. Mkaguzi akija anauona.

Na mwisho, unachojifunza. Hapa ndipo watu hushangaa, kwa sababu safari ya nje inaonekana kubwa kuliko mafunzo ya mezani. Mimi kiwandani niliigusa mashine dakika chache. Miaka iliyofuata, hospitali niliyohamia ilipodai mafunzo ndani ya mkataba, mkufunzi wa kampuni alipanda basi la Tanga, akateremka Kange, akakaa nasi siku tano. Alitufundisha watu wanane, kwenye mashine yetu, kwa umeme wetu unaokatika, kwa sampuli za wagonjwa wetu. Siku ya tatu umeme ulikatika katikati ya kupima, na somo bora la wiki nzima likawa hilo: jinsi ya kuiwasha tena bila kupoteza majibu. Kiwandani umeme haukatiki.

Tena watumishi huhamishwa. Tanga tunasema waja leo waondoka leo. Aliyesomeshwa peke yake akipata uhamisho wa Dodoma, ujuzi unapanda basi naye, na waliobaki wanasoma kitabu cha maelekezo kwa kubahatisha. Wakiwa wanane, mmoja akiondoka wamebaki saba.

Wenzetu wa nje walivyoamua

Kampuni za vifaa tiba za Ulaya, kupitia umoja wao wa MedTech Europe, zilikubaliana kwamba kuanzia Januari 2018 hakuna kumlipia mtaalamu mmoja mmoja aende kwenye kongamano lililoandaliwa na wengine. Kampuni ikitaka kusaidia elimu, inatoa ruzuku kwa hospitali au kwa waandaaji, na hao ndio wanaochagua nani aende. Mafunzo ya vitendo ya kampuni juu ya mashine yake yenyewe yaliachwa yaendelee, kwa masharti. Maana yake ni kwamba walikata pale pale pa jina.

Marekani wana ngazi mbili. Mtumishi wa serikali kuu, tuseme muuguzi wa hospitali za wanajeshi wastaafu, haruhusiwi kupokea zawadi zinazozidi dola 20 kwa mara moja, wala kuvuka dola 50 kwa mwaka kutoka chanzo kimoja. Safari ya kikazi inayolipiwa na mtu wa nje inaweza kukubaliwa, ila anayekubali ni taasisi, kwa idhini ya mapema, na malipo yakiwa ya cheki huandikwa kwa jina la taasisi. Kwa madaktari kwa jumla, sheria ya mwaka 2010 inazilazimisha kampuni kutangaza walichopewa, safari na milo ikiwemo, na tangu mwaka 2014 mgonjwa yeyote anaweza kulitafuta jina la daktari wake akaona. Kampuni za vifaa za huko zina kanuni yao pia: nauli na malazi ya kawaida kwa mafunzo ya kweli ya mashine, hakuna kumlipia mke au mume, hakuna starehe.

Natamani tungekuwa na daftari la wazi kama hilo hapa kwetu. Natamani kwa dhati. Mama yule wa Pangani alikuwa na haki ya kujua kwa nini shuka lilikuwa juu ya mashine.

Lakini je, safari ikiwa ya lazima?

Ipo. Mhandisi wa vifaa tiba anayeandaliwa kutengeneza CT scan hawezi kuletewa kiwanda Raskazone. Kuna mafunzo ya ndani ya mashine ambayo hufanyika kiwandani tu, na mtu asiyeyapitia hapewi nywila ya mafundi, kisha kila hitilafu ndogo inasubiri mtu kutoka mbali. Safari ya namna hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Iandikwe kwenye nyaraka za zabuni tangu mwanzo, ili wazabuni wote waipangie bei sawa; iandikwe idadi ya watu, siku, na kwamba hospitali itataja majina baada ya saini; tiketi iwe ya daraja la kawaida; posho ilipwe na upande mmoja tu. Kibali cha kusafiri nje kipite njia yake ya kawaida. Na mtu huyo akirudi afundishe wengine, kwa tarehe iliyopangwa.

Tofauti ya safari hii na ile ya kijana wangu haiko kwenye ndege. Ndege inaweza kuwa ileile.

Njia nyingine tatu, kwa kifupi

Fedha kupitia chama cha taaluma. Kampuni inachangia kongamano la mwaka la wauguzi, madaktari au wataalamu wa maabara, inapewa meza ya maonyesho, na chama kinapanga ratiba na kuchagua wa kusaidiwa nauli. Ni njia nzuri kuliko mwaliko wa mtu mmoja, hasa wachangiaji wakiwa wengi. Uliza swali moja tu kabla ya kwenda: mada na wasemaji walipangwa na nani? Mada kuu ikiwa imeandaliwa na mwenye bidhaa, unakwenda kwenye tangazo lenye pointi za CPD, zile za mafunzo endelevu ya kitaaluma.

Chakula cha mchana hotelini. Mwakilishi anakusanya madaktari na wafamasia, wanakula samaki, wanasikiliza nusu saa juu ya dawa moja, wanapewa "nauli". Wengi hawalihesabu hili kabisa. Mwaka 2016 Colette DeJong na wenzake walichambua taarifa za madaktari 279,669 wa Marekani, wakakuta hata waliopokea mlo mmoja tu, wenye thamani ya wastani chini ya dola 20, waliandika dawa ya kampuni ile zaidi kuliko wasiopokea. Utafiti huo haukuthibitisha kwamba mlo ndio ulioleta tofauti, lakini kwangu unatosha kuikataa ile bahasha ya nauli. Somo kaa usikilize kama lina faida, na chai kunywa. Nauli ya kutoka wodini hadi hoteli ya mji huuhuu wa Tanga haihitaji bahasha.

Kujilipia, au hospitali kulipa kutoka mapato yake. Kwa uhuru wa akili hakuna njia bora kuliko hii, kwa mfuko hakuna njia ngumu zaidi. Siwezi kumwambia muuguzi mwenye watoto watatu shuleni ajilipie kongamano. Lakini kozi za bure za mtandaoni zipo, zile za Shirika la Afya Duniani zikiwemo, na kwa mada nyingi zisizo za mashine fulani zinatosha kabisa. Kinachokosekana mara nyingi ni muda na bando, na hayo mawili mfawidhi mwenye nia anaweza kuyatoa.

Uchague ipi? Inategemea umekaa kiti gani

Ukiwa umo, au unaweza kuteuliwa, kwenye kamati ya vigezo au ya tathmini: mwaliko wa moja kwa moja usiuguse. Hata chakula cha jioni usile. Hata mafunzo ya mkataba, subiri saini kwanza. Hapa sina nusunusu, kwa sababu nimeona nusu yangu ilipotufikisha.

Ukiwa mtumiaji wa mashine na mkataba umeshasainiwa: nenda, kwa furaha, na barua ya mwajiri mkononi. Lakini angalia jambo moja ambalo halionekani haraka. Kama mkataba wa vitendanishi unakwisha mwaka huu, kwako zabuni iko wazi, hata kama tangazo halijatoka. Rudi kwenye mstari wa juu.

Daktari na mfamasia wasiokaa kamati yoyote hujiona hawahusiki. Wanahusika kila wanapoandika cheti cha dawa. Kwao zabuni haifungwi kamwe. Inafunguliwa kila mgonjwa anapoketi kwenye kiti. Waelekeze mialiko yao kwa chama au kwa hospitali.

Mwenye zahanati yake mwenyewe yuko peke yake kidogo, maana ndiye mnunuzi na ndiye mwalikwa. Huyo nampa kipimo cha mwaka wa pili: kabla ya kukubali safari, adai kwa maandishi bei ya vitendanishi ya miaka mitatu. Kampuni yenye nia njema itaiandika. Inayotegemea tiketi itazungumza habari za hoteli.

Na kama umeshakwenda, kama mimi? Sema. Mwandikie mwajiri wako ulikwenda lini, ulilipiwa nini na nani, na ukiteuliwa kwenye tathmini ya kampuni hiyo ujitoe kwa maandishi. Aibu yake ni ya siku moja. Mimi nilichelewa, na zabuni ya pili ya hospitali ile niliikaa nikiwa kimya. Saa ya ukutani niliiteremsha nikiwa nahama, na hata hiyo niliiteremsha bila kumweleza mtu kwa nini.

Barua tuliyoandika usiku ule

Kijana hakutaka kumkosea mwakilishi, ambaye alikuwa amemsaidia siku nyingine mashine ya zamani ilipoharibika. Tukakaa, sampuli za wodi ya watoto zikizunguka kwenye sentrifuji, tukaandika hivi:

"Ndugu, nashukuru kwa mwaliko wenu na kwa ushirikiano wenu siku zote. Kwa kuwa hospitali ina mpango wa kununua mashine ya aina hii, siwezi kupokea safari kwa jina langu. Kama kampuni ina nafasi za mafunzo, naomba mwaliko uelekezwe kwa Mganga Mfawidhi bila kutaja jina la mtumishi, ili hospitali ichague wa kwenda kulingana na mahitaji. Tungefurahi zaidi kama mafunzo yangefanyika hapa maabara baada ya taratibu za ununuzi kukamilika. Nakala ya barua hii nimeiwasilisha kwa mkuu wangu wa idara."

Ni barua yenye adabu, haimwiti mtu mla rushwa, na inamwachia mwalikaji njia ya kufanya jema kama alikuwa na nia nalo. Chukua, badilisha maneno, tumia. Nakala kwa mkuu wa idara usiiache, kwa sababu kesho akibadilika mwakilishi au akibadilika mkuu, karatasi itabaki.

Jibu lilikuja kwa simu kesho yake mchana. Nafasi, mwakilishi alisema, ni moja, na tiketi imeshakatwa kwa jina hilo, kubadilisha haiwezekani. Kijana akashukuru tena, akakata. Alikuwa ameketi kimya kidogo, maana ndege hajawahi kuipanda, na mimi sikumwambia neno.

Wiki hii tumepewa kazi ya kupendekeza sehemu ya mafunzo kwa ajili ya nyaraka za zabuni. Mimi nimeeleza safari yangu ya zamani kwa maandishi, na vigezo vya mashine vinaandikwa na wengine. Kijana ndiye anayeandika mafunzo. Mpaka jana jioni alikuwa amefika hapa: watu wanane, siku tano, hapahapa maabara, marudio baada ya miezi sita, mhandisi wa vifaa tiba apewe nywila ya mafundi. Zamu ya usiku ameiweka ya kwanza.